Ushauri kuhusu kinga ya masikio kwa sisi tunaosimama kando ya bunduki

Mfuata Nyayo (Ngaramtoni, Arusha)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za jioni kwa wengine wote. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa mfuatilia nyayo katika safari za uwindaji wa kitalii. Sina bunduki yangu mwenyewe, na katika miaka yote hiyo sidhani kama nimefyatua risasi zinazozidi ishirini. Kwa hiyo huenda swali langu likaonekana geni mahali hapa ambapo waulizaji wengi ni wamiliki wa silaha.

Tukishamkaribia mnyama, mimi ndiye ninayesimika miti mitatu ya kuegemeza bunduki, kisha ninaishikilia isitikisike wakati mgeni analenga. Mkono wangu huwa kwenye miti, na sikio langu la kulia huwa hatua moja, pengine pungufu ya hapo, kutoka mdomo wa mtutu. Mgeni huwa amevaa vifuniko vya masikio vya elektroniki, mwindaji anayemwongoza huwa na vizibo vyake vinavyoning'inia shingoni kwa uzi, na mimi huwa sina chochote. Msimu uliopita mgeni mmoja alikuja na bunduki ya .375 iliyofungwa kipunguza msukumo mdomoni, kile kipande chenye matundu ubavuni, na alipompiga nyati ule upepo wa baruti ulinipata shavuni kama kofi. Sikio la kulia lilivuma siku mbili. Mvumo ulipokoma, jioni moja kambini niligundua kwamba nikielekeza sikio hilo porini siwasikii nyenje. Nikigeuza kichwa wanarudi, nikikirudisha wanapotea. Nilipofika nyumbani, binti yangu wa darasa la pili alinisomea maneno matatu kutoka kwenye daftari lake, "suka", "shuka" na "fuka", nami nikamwambia kwamba amerudia neno moja mara tatu. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Nimeamua kununua kinga kwa fedha yangu kabla msimu mwingine haujaanza. Ninaomba mnieleze kati ya vizibo vya sponji, vizibo vya mpira vinavyooshwa na kurudiwa, na vifuniko vya elektroniki, ni kipi kinachomfaa mtu wa kazi yangu. Kinachonipa mashaka ni kwamba masikio haya ndiyo yanayonilisha: ninapaswa kusikia kijiti kinapovunjika, mnong'ono wa mwindaji aliye nyuma yangu, na wale ndege wakaao migongoni mwa nyati wanapopiga kelele ya kutahadharisha. Nikiyaziba, nyati aliyejeruhiwa nitamsikia vipi?

Mzee wa Kibosho

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza ukiwa bado na sikio moja zima, kwa maana mimi niliuliza nikiwa nimeshachelewa.

Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na sita, na sikio langu la kushoto leo hii ni kama pambo. Mpigaji anayetumia bega la kulia aghalabu hupoteza kwanza sikio la kushoto, kwa sababu kitako kikiwa begani kichwa huinamia kulia, sikio la kulia hujificha kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe, na la kushoto hubaki limeuelekea mdomo wa mtutu. Sisi wakati ule tuliona maumivu ya sikio kuwa sehemu ya ushujaa. Wapo waliotia pamba, ambayo haizuii kitu cha maana, na wapo waliosukuma ganda la risasi sikioni, jambo ambalo nakuomba usilijaribu kamwe, kwa kuwa ganda linaweza kuchubua mfereji wa sikio au kukwama humo.

Habari ya aina za vizibo nawaachia wanaozijua. Mimi nitasema juu ya mahali unaposimama, jambo ambalo halihitaji fedha. Mlio wa bunduki hausambai sawasawa pande zote. Mbele na ubavuni mwa mdomo wa mtutu ndiko uliko mkali zaidi, na nyuma ya bega la mpigaji hupungua. Simika miti yako, hakikisha imekaa, kisha iachie na urudi nyuma ya bega la mgeni. Mgeni asiyeweza kulenga bila miti kushikwa na mtu mwingine afundishwe siku ya kwanza kambini, siku ile ya kupiga shabaha ya karatasi. Siku hiyo hiyo ndiyo ya kuzungumza juu ya kipunguza msukumo. Kile kifaa huchukua gesi ambayo ingetoka mbele na kuirusha ubavuni na nyuma, ili bega la mpigaji lipumzike, na wewe uliye ubavuni ndiye unayelipa. Mara nyingi kimefungwa kwa skurubu na kinaweza kutolewa, ila ni lazima kitolewe kabla bunduki haijasawazishwa, kwa kuwa kikitolewa baadaye risasi inaweza kuhama mahali ilipokuwa ikigonga. Mwombe mwindaji wako amweleze mgeni mapema. Wageni wengi ni watu waungwana, na hawajui tu kwamba kuna sikio la mtu pale.

Kwale wa Monduli

Kwa heshima zote, mzee wangu, naona jambo hili linakuzwa kidogo. Mimi huwinda kwale na kanga kwa bunduki ya marisau, na kwa siku nzima sipigi hata risasi kumi. Kinga ni muhimu kwenye viwanja vya kulengea shabaha, ambako watu hupiga mamia ya risasi chini ya paa la bati, lakini porini, kwenye uwazi, sauti moja hupita na upepo. Mfuatilia nyayo akivaa vifuniko atakuwa hatari kwa wenzake kuliko bunduki yenyewe.

Muuguzi wa Pasua (Moshi)

Ndugu Kwale, nimefanya kazi katika kliniki ya masikio kwa muda mrefu, na hoja hiyo ya risasi moja ndiyo ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wagonjwa wangu waliokuwa na silaha. Naomba niijibu kwa utaratibu, kisha nimrudie mwenye swali.

Kelele za kiwandani hudhuru kwa muda. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asipite wastani wa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo ukatwe nusu: desibeli 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili. Mlipuko wa bunduki hauhesabiwi kwa saa. Kiwango kinachokubalika kwa sauti za mshindo ni kilele cha desibeli 140, na karibu bunduki zote hufika hapo au kupita. Bunduki ndogo ya .22 iko karibu na mpaka huo, ile ya marisau huuvuka waziwazi, na raifoli kubwa hufika desibeli 160 na zaidi. Mtu akisikia 140 na 160 hudhani tofauti ni ndogo, lakini kipimo hiki hakipandi kama rula. Kila desibeli 10 huzidisha nishati ya sauti mara 10, hivyo mshindo wa 160 una nishati mara 100 ya ule wa 140. Ndani ya sikio kuna misuli midogo ambayo hujikaza kulikinga dhidi ya sauti kubwa, ila mlipuko wa bunduki huwa umeshaingia kabla misuli haijawahi kukaza. Kwa hiyo risasi moja inaweza kutosha kabisa kumletea mtu hasara ya kudumu, na uwazi wa pori unasaidia kidogo tu, kwa kuwa sauti inayomdhuru aliye hatua moja kutoka mtutuni ni ile inayomfikia moja kwa moja, wala si mwangwi.

Kinachoharibika ni chembe zenye vinyweleo zilizomo katika ile sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono. Kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufa, na ndiyo maana mgonjwa hupoteza kwanza nyenje, ndege, na konsonanti kama s, f na sh. Kaka Mfuata Nyayo, "suka", "shuka" na "fuka" ni karibu kipimo kamili, na binti yako amekupima bila kujua. Nenda ukapimwe kitaalamu, tena kabla ya msimu. Hapa Moshi, hospitali ya KCMC wana idara ya masikio, pua na koo. Omba nakala ya chati yako na uitunze. Waeleze pia kama umewahi kutibiwa kwa kwinini au kwa sindano za jentamisini, kwa sababu dawa hizo nazo zinaweza kudhuru usikivu, na daktari anapaswa kutenganisha chanzo na chanzo. Na siku nyingine sikio likiziba au likivuma ghafla baada ya mlio, usisubiri liishe lenyewe. Mwone daktari siku hiyo au kesho yake, kwa kuwa yapo matibabu ambayo hufaa yakianza mapema tu.

Sasa kuhusu vizibo. Kwenye pakiti utaona namba ya desibeli ambazo kinga hupunguza, NRR kwa bidhaa za Marekani au SNR kwa za Ulaya, na zisilinganishwe moja kwa moja kwani vipimo vyake ni tofauti. Namba hizo hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Mwaka 1998 NIOSH ilishauri kupunguza robo ya namba kwa vifuniko, nusu kwa vizibo vya sponji, na asilimia 70 kwa vizibo vingine, kwa sababu ndivyo watu wanavyovivaa vibaya wakiwa kazini. Kizibo kilichoandikwa 32 kinaweza kukupa 16, na mwenzako aliyekivaa sawasawa akapata karibu yote.

Kuvaa sawasawa ni hivi. Nawa mikono. Kisokote kizibo cha sponji kati ya kidole gumba na vidole viwili mpaka kiwe chembamba kama utambi, bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio, ulivute juu na nyuma ili mfereji unyooke, ndipo ukisukume kizibo ndani na kukishikilia kwa kidole kwa nusu dakika hadi kivimbe. Kikikaa, sauti yako mwenyewe itasikika nzito kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Kisha funika masikio kwa viganja na ufunue. Ukiona kelele za nje zinapungua sana unapofunika, kizibo hakijaziba. Wengi wanaoniambia kwamba vizibo havifai huwa wameviacha mlangoni, nusu vimechungulia nje.

Mlenga Shabaha (Njiro)

Namshukuru sana Muuguzi kwa maelezo hayo. Mimi nimetumia vifuniko vya elektroniki kwa miaka sita, kwenye uwanja wa kulengea na porini, na ninaamini ndivyo vitakavyomaliza mashaka ya mwenye swali.

Kila kikombe kina maikrofoni ndogo kwa nje na spika kwa ndani. Sauti ndogo hukuzwa, hata unasikia mtu akifungua zipu nyuma yako; sauti inapokaribia desibeli 85 hivi, saketi huacha kuikuza. Ifahamike kwamba saketi haizuii mlipuko. Kinachouzuia ni kikombe chenyewe na ule mto wake unaobana kuzunguka sikio, kwa hiyo betri ikiisha bado umekingwa, ila unabaki bila kusikia mnong'ono. Beba betri za akiba mfuko wa shati.

Adui wa vifuniko ni mwanya. Miwani yenye mikono minene huuinua mto na kuacha upenyo, kofia ya kapelo ikiingia chini ya mto hufanya vivyo hivyo, na mpigaji mwenye vikombe vinene hukisukuma kikombe kwa kitako cha bunduki pale pale anapolaza shavu, hivyo kinga huachia sekunde ile inayohitajika. Wewe hulengi, kwa hiyo vikombe vinene havitakusumbua, na vinene ndivyo vinavyozuia zaidi. Jasho na vumbi huukakamaza mto ukapasuka. Kagua kila baada ya wiki chache, na ununue aina ambayo mito yake huuzwa pekee.

Kasoro moja naisema wazi, kwa kuwa inahusu uhai wako. Vifuniko hivi vinakupa ukubwa wa sauti lakini vinapotosha kidogo upande inakotoka. Masikio matupu hutambua mwelekeo kwa msaada wa umbo la sikio la nje, nalo likiwa ndani ya kikombe halifanyi kazi. Jizoeze navyo nyumbani wiki kadhaa kabla ya kuvipeleka kwa nyati.

Kuna pia vizibo vya mpira vyenye tundu dogo sana ndani, ambavyo hupitisha mazungumzo na kuubana mshindo mkubwa bila betri. Ni wazo zuri, lakini havizuii sana, na kwa .375 iliyo hatua moja mimi nisingevitegemea peke yake. Tukumbuke pia yaliyotokea Marekani, ambako kampuni ya 3M ilikubali mwaka 2023 kulipa takriban dola bilioni 6, bila kukiri kosa, kumaliza madai ya wanajeshi na maveterani kuhusu vizibo vya namna hiyo. Walalamikaji walidai kwamba vilikuwa vifupi mno na vililegea sikioni bila mvaaji kutambua. Kizibo kinacholegea kimyakimya ni kibaya kuliko kukosa kizibo, kwa maana mtu husogea karibu zaidi akijiona salama.

Shauri langu: vaa vifuniko vya elektroniki tangu mnaposhuka garini. Mgeni anapopewa ishara ya kupiga, na wewe umeshaachia miti, bonyeza vikombe kwa viganja. Siku ya kupiga shabaha, ambapo huna haja ya kusikia mnyama, weka na vizibo vya sponji chini ya vifuniko. Usijumlishe namba mbili za pakiti. Vyote pamoja huongeza desibeli 5 hivi juu ya kile chenye namba kubwa, kwani sauti nyingine hupita kwenye mifupa ya kichwa. Desibeli 5 hizo, hata hivyo, usizidharau.

Kwale wa Monduli

Nimesoma yote mara mbili, na ninakubali kwamba nilisema bila kujua. Dada Muuguzi, kijana wangu wa miaka kumi na miwili hunifuata kuokota ndege, naye husimama karibu nami. Je, kiwango ulichokitaja ni hicho hicho kwake?

Muuguzi wa Pasua (Moshi)

La, kaka yangu. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kilele kisichozidi desibeli 120, na hakuna bunduki yako inayofika chini ya hapo. Mpe vifuniko vinavyombana sawasawa kichwani mwake. Vya kwako vitamlegea. Vizibo vya sponji vya watu wazima mara nyingi havitoshi katika mfereji mdogo. Na asimame nyuma yako, asiwe ubavuni.

Mzee wa Kibosho

Niongeze neno moja kwa Mfuata Nyayo. Umesema utanunua kwa fedha yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kinga, na wewe ni mfanyakazi kama wengine. Zungumza naye kwa adabu, ukiwa na chati ya hospitali mkononi. Chati hiyo ndiyo itakayokusaidia hata mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi iwapo, Mungu apishe mbali, mambo yataharibika zaidi.

Mfuata Nyayo (Ngaramtoni, Arusha)

Asanteni sana, wazee na ndugu zangu. Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka kuja na habari kamili.

Nilikwenda Moshi nikapimwa. Mstari wa sikio la kushoto umenyooka vizuri, na wa sikio la kulia unateremka kama korongo karibu na hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, kisha unapanda tena kidogo. Daktari aliniambia kwamba bonde hilo ndilo alama wanayoiona kwa watu wa mishindo, na kwamba halitafukiwa, bali linaweza kuzuiwa lisipanuke. Nilimpelekea mwajiri wangu chati hiyo na kumweleza kama Mzee alivyoniagiza. Alikaa kimya muda mrefu akiitazama. Kisha aliniuliza kama wenzangu wawili na dereva nao husimama karibu na mtutu, nikamjibu kwamba husimama. Ameagiza vifuniko vinne vya elektroniki na boksi la vizibo vya sponji kwa ajili ya kambi, na kipunguza msukumo kitaandikwa kwenye maelekezo wanayotumiwa wageni kabla ya kusafiri.

Vifuniko nimeviazima kwa rafiki ili nizoee. Ni kweli vinapotosha upande: mke wangu aliniita kutoka jikoni nami nikageukia getini. Siku ya nne nilianza kugeuza kichwa polepole mpaka sauti isikike sawa pande zote mbili, na hapo ninakuwa nimemtazama aliyeita. Sponji ilinishinda mara tatu kabla ya kusikia ile sauti ya pipa.

Kuhusu kurudi nyuma ya bega, Mzee, jana tulijaribu na mwindaji wangu uani kwake, kwa bunduki isiyo na risasi. Miguu ya miti ikitanuliwa mpaka upana wa hatua moja na ncha zake zikizamishwa udongoni kwa kisigino, inasimama yenyewe. Kwenye mwamba bado inateleza, na tunatafuta namna ya kuifunga raba kwenye ncha.